Tumbo, Ubongo na Probiotiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Mtu akiwa na hofu, Kiswahili husema ana tumbo joto. Hakuna anayesema ana ubongo joto. Waliouanzisha msemo huo hawakuwa na darubini wala maabara, ila walijua hofu inapiga hodi wapi kwanza. Maswali yaliyo hapa ni yale yanayorudi kila mara, mengi yakitoka kwa watu ambao tayari wameshika kopo la vidonge na wanataka kujua kama bakteria waliomo wanaweza kweli kuwatuliza akili. Baadhi yamejibiwa kwa kirefu; mengine sentensi chache zinayatosha.

Probiotiki ni nini hasa?

Ni vijidudu hai ambavyo mtu akivipata kwa kiasi cha kutosha vinamletea faida ya kiafya. Maana hiyo ilitolewa mwaka 2001 na wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo, na kila neno lina uzito wake. Viwe hai, kwa hiyo vilivyokufa kwa joto havihesabiki. Viwe vya kutosha. Na faida iwe imeonekana, si kukisiwa. Ukishika kipimo hicho barabara, bidhaa nyingi zinazojiita probiotiki zinaanguka kwenye mtihani wa tatu.

Wengi wanaouzwa ni bakteria wa makundi ya Lactobacillus na Bifidobacterium. Yupo pia Saccharomyces boulardii, ambaye si bakteria kabisa bali ni aina ya hamira. Prebiotiki ni kitu kingine: ni chakula cha bakteria, hasa nyuzinyuzi ambazo sisi wenyewe hatuwezi kuzimeng'enya.

Mwilini mwangu tayari kuna bakteria wangapi?

Kwa makadirio yaliyotolewa mwaka 2016, mtu mzima ana bakteria trilioni 38 hivi, karibu wote wakiwa kwenye utumbo mpana, dhidi ya seli zake mwenyewe trilioni 30. Ukiwapima wote kwenye mizani hawazidi sana gramu 200. Ile hesabu ya zamani kwamba bakteria wanatuzidi mara 10 bado inazunguka mitandaoni, lakini imeshapitwa.

Sasa chukua kidonge chenye bakteria bilioni 10, idadi inayoandikwa kwa herufi kubwa kwenye makopo. Gawanya. Utapata mgeni mmoja kwa kila wenyeji 3,800. Ndiyo maana wazo la "kujaza tumbo bakteria wazuri" halina mashiko. Kama kidonge kinafanya kazi, hakifanyi kwa wingi wa watu. Kinafanya kwa sababu wageni hao wamepita mahali penye masikio, hasa utumbo mwembamba, ambako wenyeji ni wachache na ukuta wenyewe umejaa seli zinazopeleka habari.

Habari hizo zinafikaje kwenye ubongo?

Kwa njia zaidi ya moja, na hapa inafaa tukae kidogo.

Njia ya haraka ni neva. Ndani ya kuta za njia ya chakula kuna seli za neva zaidi ya milioni 100, zenye uwezo wa kuendesha usagaji wa chakula bila kuomba ruhusa kichwani. Zinaunganishwa na ubongo hasa kupitia neva ya vagasi, inayoshuka kutoka shina la ubongo, ikapita shingoni na kifuani mpaka tumboni. Watu wengi hudhani neva hii ipo ili ubongo utoe amri. Kumbe kiasi cha asilimia 80 ya nyuzi zake hupeleka habari juu, kutoka kwenye viungo kwenda kwenye ubongo. Katika mawasiliano haya tumbo ndilo msemaji mkuu.

Kwa muda mrefu iliaminika kwamba seli za ukuta wa utumbo huachia homoni tu, zikaelea kwenye damu hadi zimfikie wa kuzisikia. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kwamba baadhi ya seli hizo zimeshikana na neva ya vagasi moja kwa moja, na kwamba zikionja sukari zinatuma taarifa kwa muda unaopimwa kwa sehemu za elfu za sekunde. Sukari ikigusa tu ukuta wa utumbo, taarifa imeshafika.

Njia ya pili ni homoni zenyewe, ambazo huenda taratibu. Njia ya tatu ni mfumo wa kinga: sehemu kubwa ya askari wa kinga wamepiga kambi kwenye utumbo, na wakichokozwa hutoa kemikali ambazo ubongo huzisikia. Ule uchovu, kukosa hamu na kutotaka kuona watu unapokuwa na homa unatokana na kemikali za namna hiyo. Bakteria wanaotuliza kambi wanaweza, kwa mzunguko, kutuliza kichwa.

Njia ya nne ni bidhaa za bakteria wenyewe. Wakipata nyuzinyuzi wanazichachua na kutoa asidi fupi za mafuta: asetati, propionati na butireti. Butireti ni chakula kikuu cha seli za utumbo mpana na husaidia kuufanya ukuta ushikamane vizuri. Kwa panya waliokuzwa bila kijidudu chochote, ukuta wa mishipa ya damu unaoukinga ubongo hulegea na kupitisha vitu visivyotakiwa. Utafiti wa mwaka 2014 ulionyesha kuwa wakipewa bakteria wanaotengeneza asidi hizi, ukuta hukaza tena.

Na ubongo unaliathiri tumbo?

Sana. Mfano ninaoupenda ni wa zamani. Mwaka 1822, kwenye kisiwa cha Mackinac huko Marekani, kijana aitwaye Alexis St. Martin alipigwa risasi kwa bahati mbaya. Akapona, lakini tumbo lake lilibaki na tundu lisiloziba. Daktari wake, William Beaumont, akawa anafunga vipande vya chakula kwenye uzi wa hariri, anavitumbukiza tunduni, anasubiri, kisha anavivuta kuona vimesagika kiasi gani. Aligundua kwamba St. Martin akikasirika, usagaji unakwenda mrama. (Na kijana alikuwa na kila sababu ya kukasirika.) Beaumont alichapisha kitabu chake mwaka 1833.

Msongo wa mawazo hubadilisha mwendo wa utumbo, majimaji yake na ute unaolinda ukuta. Hayo yakibadilika, makazi ya bakteria yamebadilika, na wao watabadilika pia. Kwa hiyo ukiona bakteria wa mtu mwenye sonona ni tofauti na wa jirani yake, usikimbilie kusema wao ndio chanzo.

Nimesoma kwamba asilimia 90 ya serotonini, kemikali inayohusishwa na furaha, iko tumboni. Si ina maana furaha inatengenezwa huko?

Takwimu ni ya kweli. Hitimisho ndilo bovu. Serotonini ya tumboni haiwezi kuvuka ule ukuta unaoukinga ubongo. Kazi yake iko hukohuko: kusukuma chakula, kuamsha neva, kusaidia damu kuganda. Serotonini ya ubongo hutengenezwa ndani ya ubongo.

Kinachovuka ni malighafi yake, triptofani, ambayo huja na chakula. Hapa bakteria wana nafasi, maana wanaweza kuathiri kiasi gani cha triptofani kinaelekea kwenye serotonini na kiasi gani kinachepushwa kwingine, hasa mwili unapokuwa na uvimbe wa chini kwa chini. Vilevile, mwaka 2015 timu moja ya California ilionyesha kwa panya kwamba bakteria fulani wenyeji huzichochea seli za utumbo zitoe serotonini nyingi zaidi. Serotonini hiyo huweza kuigusa neva ya vagasi, na neva ikapeleka habari. Ubongo unapata taarifa yake bila kuipata yenyewe.

Ni ushahidi gani uliofanya wanasayansi wachukulie jambo hili kwa uzito?

Majaribio mawili hasa. La kwanza ni la Chuo Kikuu cha Kyushu, Japani, mwaka 2004. Panya waliozaliwa na kukuzwa bila bakteria wowote walibanwa kwenye mrija kwa muda, jambo linalomtia panya yeyote mfadhaiko. Homoni zao za mfadhaiko zilipanda kupita zile za panya wa kawaida. Walipopewa Bifidobacterium infantis, mwitikio ulirudi sawa. Nao panya wasio na bakteria wakipandikizwa bakteria wa kawaida wangali wadogo, wanarekebika. Wakicheleweshwa hadi ukubwani, haisaidii. Maana yake kuna dirisha la muda ambalo mfumo wa mfadhaiko hujipanga huku ukisikiliza tumbo.

La pili lilitoka Cork, Ireland, kwa kushirikiana na wenzao wa Kanada, mwaka 2011. Panya walilishwa Lactobacillus rhamnosus, nasaba (yaani ukoo mmoja ndani ya spishi) ya JB-1, kwa siku 28. Kisha wakatiwa kwenye chombo cha maji kisicho na pa kushika. Panya aliyekata tamaa huacha kupiga miguu na kuelea tu. Waliolishwa bakteria waliendelea kuogelea muda mrefu zaidi, homoni yao ya mfadhaiko ilikuwa chini, na vipokezi vya gaba, kemikali inayotuliza seli za ubongo, vilikuwa vimebadilika katika sehemu mbalimbali za ubongo. Halafu watafiti wakarudia jaribio kwa panya waliokatwa neva ya vagasi, na matokeo hayo yakatoweka. Waya umekatwa, simu imekufa. Ni nadra sayansi ya tabia kukupa jibu safi kiasi hicho.

Basi JB-1 inatuliza watu pia?

Hapana, angalau si kwa watu wenye afya. Kundi lilelile la Cork liliwapa wanaume 29 nasaba hiyohiyo na kidonge kisicho na kitu kwa zamu, bila wao kujua kipi ni kipi. Waliwekwa kwenye mfadhaiko wa kuzamisha mkono kwenye maji baridi sana huku wakitazamwa. Hisia, homoni, kumbukumbu: hakuna tofauti. Waliyachapisha matokeo hayo mwaka 2017 bila kuficha, na kwa hilo ninawavulia kofia, kwa sababu wangeweza kuishi miaka mingi kwa sifa za panya wale.

Panya wa maabara wanafanana kama mapacha, wanakula chakula kimoja na kulala kwenye vizimba vya aina moja. Binadamu kila mmoja ana kivyake.

Kuna utafiti wowote kwa watu ulioonyesha kitu?

Upo. Mwaka 2013 huko Los Angeles wanawake 36 wenye afya waligawanywa makundi matatu: wa maziwa yaliyochachushwa yenye probiotiki, wa maziwa yasiyo nayo, na wasiopewa chochote. Baada ya wiki nne waliingizwa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo huku wakionyeshwa nyuso zenye hasira au hofu. Kwa waliokunywa probiotiki, sehemu za ubongo zinazoshughulika na hisia za mwili ziliitikia kwa utulivu zaidi. Lakini hilo ni badiliko kwenye picha, na picha haisemi kama mtu anajisikia vizuri zaidi.

Ule wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2017 ulikwenda mbali zaidi. Watu 44 wenye utumbo unaokorofisha mara kwa mara, pamoja na sonona au wasiwasi wa kiasi, walipewa Bifidobacterium longum NCC3001 au kidonge kitupu kwa wiki sita. Waliopata nafuu ya sonona walikuwa 14 kati ya 22, dhidi ya 7 kati ya 22 upande wa pili. Wasiwasi haukupungua. Soma tena hizo namba: saba walipata nafuu kwa kumeza kidonge kisicho na kitu. Ndiyo maana ushuhuda wa rafiki yako aliyepona ndani ya mwezi, hata akiapa, hauwezi kutuambia kilichomponya.

Mwaka huohuo nchini New Zealand, watu 79 wenye hali ya chini ya moyo walijaribiwa kwa mchanganyiko wa nasaba mbili uliokuwa umesifiwa kwa kupunguza mfadhaiko. Haukushinda kidonge kitupu.

Kwa nini matokeo yanagongana hivyo?

Sababu kubwa ni nasaba. Jina la bakteria lina ngazi tatu: jenasi, spishi, kisha nasaba, ambayo huandikwa kwa herufi na namba mwishoni. Watu wengi huishia ngazi ya pili, na hapo ndipo wanapotea. Chukua Escherichia coli. Nasaba moja, Nissle 1917, hutumika kama probiotiki. Nyingine, O157:H7, huharisha damu na yaweza kuua figo. Spishi ni moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "Lactobacillus hupunguza wasiwasi", muulize yupi.

Mwaka 2020 mambo yalizidi kuchanganya pale jenasi ya Lactobacillus ilipogawanywa kuwa 25. Lactobacillus rhamnosus sasa anaitwa Lacticaseibacillus rhamnosus. Bakteria ni yuleyule, na makopo mengi bado yana jina la zamani.

Nikiwameza, wanahamia tumboni moja kwa moja?

Mara nyingi hapana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tunavyosema, na probiotiki wengi ni wageni kwelikweli: wanapita, wanafanya shughuli zao, wanatoka. Ukiacha kumeza, baada ya siku au wiki chache huwaoni tena.

Watafiti wa Taasisi ya Weizmann, Israeli, hawakuridhika na kupima choo peke yake. Mwaka 2018 waliingiza kamera na kuchukua sampuli kwenye ukuta wenyewe wa utumbo wa watu waliokuwa wakimeza nasaba 11. Kwa wengine bakteria walijishikiza. Kwa wengine wenyeji waliwafungia mlango, wakapita moja kwa moja hadi chooni. Kwenye choo makundi yote mawili yalionekana kuwa nao. Yale matangazo yanayotumia kipimo cha choo kuthibitisha kwamba "bakteria wetu wanafika" yanathibitisha tu kwamba wanatoka.

Nimemaliza antibaiotiki. Nianze probiotiki kurudisha bakteria wangu?

Timu hiyohiyo ya Weizmann ilikuta kwamba waliomeza probiotiki baada ya antibaiotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili, kuliko hata walioachwa bila kitu. Mgeni alikalia kiti. Hata hivyo, kuna nasaba zenye ushahidi wa kupunguza kuharisha kunakoletwa na antibaiotiki, na hilo ni lengo tofauti. Kama lengo lako ni kuzuia kuharisha, zungumza na daktari au mfamasia kabla ya kuanza dawa.

Mtindi hautoshi?

Unaweza kutosha kuliko unavyodhani, ila si kila mtindi ni probiotiki. Bakteria wanaogandisha maziwa ni kundi moja. Waliojaribiwa kwa faida fulani ni kundi jingine, na mtengenezaji huwaongeza kwa makusudi. Ukiupasha moto au ukiuoka, umewaua.

Kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, utafiti wa mwaka 2021 uliwagawa watu wazima 36: nusu wakala vyakula vingi vilivyochachushwa, nusu nyuzinyuzi nyingi, kwa wiki 10. Wa uchachu walipata bakteria wa aina nyingi zaidi na viashiria vya uvimbe vikashuka. Haukuwa utafiti wa hisia, lakini unagusa ile njia ya kinga niliyoieleza juu. Wa nyuzinyuzi hawakuonyesha ongezeko hilo kwa muda ule, jambo lililowashangaza wengi, nami nikiwemo.

Probiotiki inatibu usonji?

Hakuna ushahidi wa kuaminika. Bakteria wa watoto wenye usonji mara nyingi huripotiwa kuwa tofauti, lakini utafiti wa Australia wa mwaka 2021 uliohusisha watoto 247 ulionyesha mshale ukielekea upande mwingine: watoto hao huchagua sana chakula, na chakula cha aina chache hupunguza aina za bakteria. Wazazi wanauziwa vitu vya bei kwa sababu mtu fulani ameusoma mshale kinyume.

Bakteria wa tumboni wanaweza kuingilia dawa za ubongo?

Ndiyo, na hili halizungumzwi vya kutosha. Levodopa, dawa ya ugonjwa wa Parkinson, inatakiwa ifike kwenye ubongo kwanza ndipo igeuzwe dopamini, kemikali ya ubongo anayoikosa mgonjwa. Mwaka 2019 ilionyeshwa kwamba Enterococcus faecalis, mkazi wa kawaida wa utumbo, anaweza kuigeuza mapema akiwa tumboni, mahali ambapo haina faida.

Naweza kuacha dawa za sonona nikatumia probiotiki?

Usiache. Kuacha ghafla kunaweza kukuletea kizunguzungu, kukosa usingizi na sonona kurudi kwa nguvu. Ukitaka kujaribu probiotiki juu ya dawa zako, mwambie daktari anayekutibu.

Kuna watu wasiopaswa kuzitumia?

Wapo. Mtu mwenye kinga dhaifu sana, mgonjwa mahututi, aliyewekewa mpira kwenye mshipa mkubwa wa damu, na mtoto njiti: kwao bakteria au hamira anaweza kuvuka na kuingia kwenye damu. Uholanzi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008, wagonjwa 298 wenye uvimbe mkali wa kongosho walipewa probiotiki au kitu kisicho na dawa. Waliokufa upande wa probiotiki walikuwa asilimia 16. Upande wa pili asilimia 6. Neno "asilia" kwenye kopo halikuwasaidia.

Nisome nini kwenye kopo?

Jina lote hadi nasaba. Likiishia kwenye spishi, lirudishe rafuni. Kisha idadi ya walio hai hadi tarehe ya mwisho wa matumizi, si siku ya kutengenezwa, kwa maana hufa wakiwa koponi, na joto huwaharakisha. Angalia pia namna ya kutunza. Kopo moja nililowahi kulishika lilijigamba kuwa na nasaba 15 kwa "akili tulivu", na hakuna hata moja iliyotajwa.

Nijaribu kwa muda gani?

Tafiti nyingi zilienda wiki nne hadi nane. Chagua nasaba moja iliyojaribiwa kwa tatizo kama lako, andika unavyojisikia kabla ya kuanza, na usibadilishe mambo matano kwa wakati mmoja. Wiki nane zikipita bila tofauti, acha.

Nimeanza jana na tumbo limejaa gesi. Ni dalili kwamba inafanya kazi?

Ni dalili kwamba kuna kitu kinachachuka, basi. Kwa kawaida hupungua ndani ya siku chache. Ukiona damu kwenye choo, homa, au unapungua uzito bila sababu, weka kopo pembeni na uende hospitali.